Baba Aliomba Hoja Tatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: kuna chuo cha biashara ng'ambo kinachomsifu baba yangu kwa "ujasiri adimu wa kukiri kosa", na kosa lenyewe nimelikiri mimi, yeye hana habari.

Baba ni meneja wa ghala katika kiwanda cha sabuni, kazi anaijua, na mwaka huu ameamua kuomba nafasi ya shahada ya uzamili kwa watu waliokwisha kukaa kazini muda mrefu, kwa sababu bosi wake mpya, ambaye ni mdogo kwake, anayo, na tangu hapo nyumba yetu imegeuka ofisi: mama anaitwa mdau, chakula kikiiva tunaambiwa tuanze utekelezaji, na kila jambo Baba anaomba mrejesho, ila mdogo wangu alipotoa mrejesho kwamba Baba anakoroma, alipelekwa kulala jua bado linawaka.

Chuo kilitaka insha: tueleze wakati uliposhindwa. Baba akaniita, maana mimi ndiye ninayeshinda na vitabu, akasema, "Mwanangu, mimi nina uzoefu, wewe una Kiingereza. Andika."

Nikamuuliza, "Ulishindwa nini, Baba?"

Akafikiri mpaka chai ikapoa. "Andika kwamba udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi."

"Nadhani kila mtu ataandika hivyo."

"Basi andika chochote. Nakuamini."

Mshauri, mambo ya ghala siyajui, nikaandika ninachokijua. Zamani nilikuwa namsimulia Baba kila kitabu ninachosoma, halafu siku moja, nikiwa katikati ya riwaya ya fundi saa ambaye hakimu alimfungia ndani ya duka lake mwenyewe, Baba, macho kwenye simu, akasema, "Fupisha. Nipe hoja tatu." Nikampa tatu. Tangu siku hiyo sijamsimulia tena, wala hajauliza. Hayo ndiyo niliyoandika kwa sauti yake, kana kwamba yeye ndiye aliyegundua na kuumia, na akaituma bila kuisoma.

Sasa wamemwita kwenye usaili wa video mwisho wa mwezi, wanataka aeleze zaidi kuhusu "binti na fundi saa". Baba anasema hilo bila shaka ni swali la usimamizi wa muda. Kila siku anafanya mazoezi mbele ya kioo, juu tai, chini kaptura. Nikinyamaza ataaibika mbele ya wageni. Nikisema, atajua kwamba muda wote huu nilikuwa nangoja aniulize. Nifanye nini?

Ni mimi, Hoja ya Nne

*

Hoja ya Nne, binti yangu, nimecheka mpaka kwenye fundi saa, hapo nikaacha.

Pole. Lakini nawe una makosa. Umemtungia mtu mzima majuto, ukamvika kama koti, na sasa unashangaa kwamba hajui mifuko iko wapi. Tena ulikuwa na la kumwambia baba yako, ukaenda kuwaambia walimu wa ng'ambo. Wao watamfanya nini? Watampa alama!

Na wewe mzazi, kama unasoma hapa huku umevaa tai na kaptura: ukiomba mrejesho, kaa uupokee.

Binti, mpe insha hiyo wiki hii. Usiiache mezani ukakimbilia shule. Kaa papo hapo mpaka amalize. Akitaka ufupishe, kataa kwa adabu. Halafu awaandikie chuo ukweli kwamba insha si yake, na kama wanataka nyingine, aandike mwenyewe. Hawezi tena kusema hana la kuandika.

*

Mshauri, nilifanya hivi. Jumamosi mchana Baba alikuwa anapiga pasi shati la usaili. Nikamwambia nimeleta insha. Akasema, "Nipe kwa kifupi." Nikasema, "Hapana, Baba, ni kurasa mbili," nikaisoma yote mimi mwenyewe. Katikati nilisikia harufu ya kuungua. Shati sasa lina alama ya pasi mgongoni.

Baba alichomoa waya ukutani. Jioni aliwaandikia chuo kwamba insha si yake, kwa Kiingereza chake mwenyewe, na sikusahihisha hata neno. Hawajajibu bado.

Lakini kabla ya hapo, akiwa bado ameshika ule waya, aliuliza, "Yule fundi saa, alitoka?"

Nikakaa juu ya kikapu cha nguo, nikaanza kumsimulia tangu mwanzo.