Sauti Uliyoifanya kwa Mdomo

Kaka yangu Mukendi,

Ungeniona ungecheka. Mdogo wako Ngalula, mama wa watoto wawili, nimerudi masomoni kujifunza kompyuta hapahapa Kindu. Darasani wananiita Mama Profesa kwa utani, nami naitika.

Unakumbuka mashine ya michezo aliyotuletea Papa kutoka safari zake za reli, muda mfupi kabla vita havijatufikia? Tuliiunganisha na televisheni ndogo na betri ya gari, tukafunga mlango mchana kweupe. Mama alikuwa anachungulia dirishani kama askari wanapita. "Mukendi, zima ile sauti! Wasoda wakisikia iko televizio huku, watakuja kuibeba, na sisi pamoja." Ukazima. Nikanuna. Ndipo ukaniambia, "Weye angalia tu. Miye njo sauti."

Tangu hapo sauti ukawa wewe, kila kitu kilitoka mdomoni mwako: miruko, milango, mapanga. Na tulipofika kwenye pango la mchezo, ule wimbo uliouvumisha chinichini, polepole, mdomo karibu na sikio langu. Nilimtazama yule mtu mdogo akitembea gizani nikasahau njaa. Nakwambia kweli, niliisahau.

Halafu ukavuka mto kwenda Alunguli kutafuta mihogo, maana mjini hakukuwa na kitu cha kuweka chunguni. "Usiguse mashini. Nitakuja kumalizia pale." Sikuigusa. Siku ya kukimbia tuliiacha, na tuliporudi nyumba ilikuwa tupu. Wewe hukurudi, wala hatukukupata hata tukuzike. Picha yako hatuna.

Sasa sikia. Kuna programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ileile, na michezo ya zamani inachezeka tena. Wanaoitengeneza ni watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea, na yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa na kuirekebisha. Nilitafuta mchezo wetu nikaupata. Lakini ukifika pangoni, kimya. Wenyewe walikuwa wameandika kwamba kasoro hiyo bado inamsubiri mtu wa kuishughulikia. Nilijiona nimeitwa kwa jina.

Nilihangaika nayo kwa umeme wa sola ya jirani, intaneti ikija na kupotea. Siku sauti ilipotoka nililia. Ila ilikuwa ya haraka, nyembamba, yenye furaha. Nikasema bado nimekosea. Nikaipunguza mwendo, nikaishusha, nikaibadilisha kipande kwa kipande mpaka ikafanana na yako. Nikaituma, kifua mbele.

Wakanijibu kwa upole kwamba huo si wimbo wa pangoni. Wakaniuliza nimelinganisha na nini. Wakaniwekea rekodi ya mashine halisi. Ilikuwa ileile ya haraka, ileile yenye furaha.

Kaka, ndipo nilipokumbuka. Pangoni tulifika baada ya Mama kuzimisha sauti. Wewe mwenyewe hukuwahi kuusikia ule wimbo! Uliutunga, pale pale, kwa ajili yangu, na mimi nimeishi miaka yote hii nikidhani ni wa mchezo. Ningewajibu nini watu wale? Kwamba kwangu mashine halisi ilikuwa wewe?

Nilifuta yako, nikatuma ya kweli. Wameipokea, jina langu limo, mwalimu amenisifu mbele ya darasa. Nami sijui nifanye nini na sifa hizo. Watoto wanacheza kutwa, ule wimbo wa furaha umejaa nyumbani, na wako unazidi kunitoka. Mwanzo naukumbuka. Katikati pameshapotea, na hakuna wa kumuuliza.

Jana nilizima sauti, nikamvuta binti yangu, nikaweka mdomo karibu na sikio lake ili nimwimbie wa kwako. Ukatoka ule mwingine.

Kama uko mahali, hata kama ni mbali namna gani, uimbe kidogo.

Mdogo wako,
Ngalula