Mwenyeji Mmoja

Baba,

Nimekasirika, na nimekuja kukusemesha hata kama uko chini ya udongo na huwezi kunijibu. Nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Mama amechoka kunisikia. Kila nikifungua mdomo ananikata: "Atieno, wachana na hiyo maneno, baba yako amepumzika." Sawa, wewe umepumzika. Mimi bado.

Ile njia ya majini imezinduliwa Jumamosi. Ndiyo hiyo, ya yule Mzungu aliyezunguka ziwa letu kwa mashua zamani za mababu, ambayo watu wa mradi walitaka kuifufua ili wageni wapige kasia alikopita, kutoka Kisumu mpaka Port Victoria. Wameweka mabango sita ya chuma, kila moja mahali alipolala. Ni mazuri, siwezi kudanganya. Yana ramani, yana picha ya Mzungu na kofia yake, Kiingereza juu, Kiswahili chini. Jina lake liko kila mahali mpaka linachosha macho. Lako halipo.

Halipo, Baba! Siku kumi na moja umewabeba kwenye boti yako, mvua ikiwanyeshea. Walikuwa na kitabu alichoandika Mzungu mwenyewe, walikuwa na kile kidude cha kusoma setilaiti, na bado hawakuweza kupata alipolala usiku wa tatu. Kitabu kilisema mawe mawili makubwa ufuoni. Wao wanatafuta mawe nchi kavu! Ukazima injini, ukawaambia ziwa limepanda, mawe yako chini yenu hapa. Ukashusha ule mti wa kusukumia boti mpaka ukagonga. Ko! Ukasogea kidogo. Ko! Ulirudi nyumbani umelowa chapachapa, unakohoa, unacheka, na kofia ya mradi kichwani. "Nimewaonyesha Mzungu wao," ukasema. Kile kikohozi hakikuondoka tena, na baada ya miezi mitatu tukakuzika.

Sasa sikia bango la tatu linavyosema: "Mahali hapa palitambuliwa na wataalamu wa mradi wakisaidiwa na mwenyeji mmoja."

Mwenyeji mmoja. Yaani wewe.

Na neno lenyewe ulilichukia kabla halijakufikia. Unakumbuka nilipokuwa nakusomea kile kitabu, wewe ukifungua injini? Tukafika pale Mzungu anapotea kwenye matete, watu wake wanalia njaa, halafu mwenyeji mmoja anatokea na kumwonyesha njia. Ukaweka spana chini. "Mwenyeji gani? Wuod ng'a?" Mtoto wa nani, kama ulivyozoea kumuuliza kila mtu aliyekanyaga boti yako, hata mwalimu mkuu wangu hukumwacha. Nikakuambia kitabu hakisemi. Wee! Ulifoka mpaka mchana ukaisha. "Jina ya mbwa yake ameandika. Huyu amemtoa kwa matete hana jina? Mamake alimzaa akamwita mwenyeji?"

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Mama hajui. Kile Kiswahili cha chini ni changu.

Bwana mmoja wa mradi alikuja shuleni akaniomba nitafsiri, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ulikuwa na wiki nne tu kaburini. Nikaifikia hiyo sentensi na nikajua ni wewe. Nilijua, Baba. Nikaandika "mwenyeji mmoja", nikasonga mbele. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilidhani majina yatajazwa baadaye. Uongo mtupu. Nilikuwa na insha za kusahihisha, na yule bwana alikuwa na adabu sana, madam hivi, madam vile, nikaona aibu kumuuliza. Hii hasira unayoiona, nusu yake ni yangu mwenyewe.

Uzinduzi wenyewe ulifanyiwa kwenye hilo bango la tatu, mkabala na mawe yako. Walikuwa wamemvisha mwanafunzi mmoja Mzungu kofia ya zamani, wakamketisha kwenye mashua, watu wetu wakampigia kasia huku wanaimba. Haki ya Mungu. Owiti, mwenzako wa boti, alikataa kushika kasia. Alisimama nyuma ya umati, mikono mgongoni. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusoma bango kwa Kiswahili mbele ya wageni, na nilikuwa nimeamua kulisoma kama lilivyo. Ndiyo, nilikuwa naogopa.

Nikasoma: "...wakisaidiwa na mwenyeji mmoja."

Na Owiti kutoka huko nyuma, kwa ile sauti mnayoitana nayo majini: "Wuod ng'a?"

Watu wakaangua kicheko. Wageni nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Owiti hakucheka, akauliza tena. Nikashusha karatasi. Nikasema, "Odera. Odera wuod Nyangweso, mwenye boti ya bluu. Ni baba yangu."

Baadaye yule bwana akanivuta kando. Eti madam, umesoma maneno ambayo hayako kwenye bango. Eti mabango yameshachapishwa, labda tuangalie awamu ya pili. Awamu ya pili! Nikamuuliza kama baba yangu naye atapewa awamu ya pili.

Jana nikatafuta ile rangi nyeupe tuliyoandikia jina la boti nikiwa darasa la sita, wewe umenishika mkono ili herufi zisipinde. Imekauka kama jiwe. Nikanunua nyingine. Owiti akaendesha boti mpaka kwenye bango la tatu. Kiingereza sikukigusa, hicho si changu. Kiswahili ni changu. Nikafuta "mwenyeji mmoja", nikaandika jina lako na la babu. Herufi zimepinda, Baba, hakukuwa na wa kunishika mkono, na nilikuwa nalia kwa hasira. Lakini zinasomeka mpaka majini. Wakija shuleni kuniuliza, nitawaambia mwalimu anasahihisha kazi yake.

Bado bango la tano, pale kwenye matete. Nalo lina mwenyeji wake, yule wa zamani, na jina lake sina na sitalipata kamwe. Nakuahidi sitamwacha hivyo. Jumapili nikitoka kanisani nitaenda na kopo langu, nifute lile neno, na mahali pake niandike swali lako kwa herufi kubwa, kila anayepita alisome na akose la kujibu: WUOD NG'A?

Lala sasa, Baba. Mimi ndiye niliyebaki kuuliza.

Binti yako, Atieno, nyar Odera