Kwa Mama Pil-sun na Mkono Wake wa Kushoto

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipoanguka ukifungua duka lako la kushona, na mpaka leo hakuna aliyeuweza mkasi wako wa mashoto. Mwanao Eun-hwa aliujaribu kwenye pindo la pazia, akaliharibu pazia zima.

Tunakuona bado pale mlangoni, uzi mdomoni. Ulikuwa humpiti mtoto aliyekaa peke yake kwenye ngazi. "Hebu njoo hapa wewe! Nisaidie kula hivi viazi vitamu, vitapoa bure." Akisema ameshiba, unamjibu, "Kwani nani kakuuliza?" Sisi tulidhani ni ukarimu tu.

Kisha shairi lako likachaguliwa kati ya mashairi ya wakazi, likaandikwa kituo cha treni karibu na soko, kwenye milango ya kioo inayotenga abiria na reli. Tulikwenda wote kulisoma, umevaa koti lako zuri. Lilimhusu mtoto ambaye mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, na wenzake wakakataa kukaa naye kwa sababu viwiko viligongana wakati wa kula. Alikula akitazama ukuta. Mwisho uliandika: "Kwenye benchi tulikaa wawili, mimi na mkono wangu." Treni ikafika, milango ikafunguka, shairi likagawanyika kati na watu wakapita.

"Mama Eun-hwa," Baba alisema, "miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungeenda kumchapa mwalimu?"

Ukacheka. Baba hakucheka. Tangu siku ile alikufuata mezani hata akiwa ameshiba, na wewe ukamwita kupe.

Juzi jioni tulikuandalia meza yako ya mwaka, roho yako ije kula: wali, supu, samaki, peasi. Eun-hwa alikuwekea vijiti vyako vya chakula upande wa kushoto, na Baba Mkubwa akajifanya hakuona. Ikafika saa ya sisi kutoka na kufunga mlango, ili ule kwa utulivu. Baba hakuinuka.

"Chang-rae, toka. Marehemu hali akikodolewa macho," Baba Mkubwa alimwambia mdogo wake.

"Kaka, huyu kala peke yake utoto wake wote. Leo na mimi nimfungie mlango?"

"Ukikaa hapo ataondoka na njaa. Unataka hivyo?"

Baba akatutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumwambia afanye nini. Tulitaka ule, tulitaka pia usiwe peke yako, na yote mawili hayakuwezekana.

Akatoka. Kwa desturi mkubwa wa nyumba hukohoa anapokaribia kurudi ndani, usije ukashtuka. Baba alianza kukohoa mlango ulipofungwa tu, na hakuacha.

"Unamharakisha mwenzio!" Baba Mkubwa alinong'ona.

Baba aliendelea kukohoa, kiganja kikiwa mlangoni, machozi yakimtoka. Tulimwacha. Tungemfanyaje?

Tulipoingia wali ulikuwa vilevile. Hatujui kama ulikula, wala kama ulisikia. Ila kama ulisikia kikohozi, Mama, usihofu, Baba si mgonjwa. Alikuwa pale pale mlangoni.

Unakumbukwa na mumeo, Do Chang-rae. Wanao, Eun-hwa na Gyu-min. Shemeji yako, Chang-ho. Na watoto wa ngazini, ambao bado wanakuja kukuulizia. Siku zote tutakukumbuka.