Jina la Biubwa Limepandishwa Mbinguni

Ndagoni, Mfunguo Nne, 1328

Zahor mjukuu wangu,

Una wazimu, au baridi ya Ujerumani imekuingia kichwani. Salamu nakupa, maana sikulelewa porini: sote wazima, ila mwanao. Biubwa homa haimtoki tangu ilipofika barua yako kwamba jina lake limepewa nyota. Nani alikuruhusu? Mtoto hata meno hajaota, wewe unampa Mdachi jina lake alitundike juu, walisome watu tusiowajua na majini wapita njia. Mwalimu ametazama falaki, anasema jina limekuwa zito, linamwelemea. Mwambie bwana wako alifute. Akitaka jina achukue langu, Arafa, mimi nimeshakula chumvi ya kutosha.

Naandika kwa mkono wangu. Herufi zilizopinda zisome hivyo hivyo.

Bibi yako


Ujerumani, Mfunguo Sita, kwao Machi 1910

Bibi yangu, shikamoo.

Mimi mzima, ila chakula hakipiti. Mwanangu hajambo? Mwanahalima mke wangu je?

Nisamehe, bibi. Kazi yangu ni kusafisha vioo anavyopigia bwana picha za mbingu. Katika kioo kimoja aliona kama mkwaruzo: si nyota hasa, ni jiwe, linazunguka jua kati ya Mirihi na Mushtarii. Kwao, aliyeliona hulipa jina, na hupenda la mwanamke. Ya mkewe na dada zake yalikuwa yamekwisha, akaniuliza mimi. Nikamtaja binti yangu ambaye sijamtia machoni. Nilidhani ni heshima.

Nimemwangukia miguuni. Alicheka, kisha akakasirika. Lako hakulitaka, ila la Biubwa amekubali kulitoa, atatia la mama mkwe wake. Kitabu chao cha majina hayo kitapigwa chapa Julai. Tulia sasa.

Mjukuu wako


Ndagoni, Mfunguo Saba, 1328

Zahor,

Marahaba. Nitulie vipi?

Ulipokaa kimya nilijua umeshindwa, na mtoto alikuwa hanyonyi tena, macho yamegeuka. Tukambadilisha jina. Mwalimu alimsomea, nikamnong'oneza jina jipya sikioni, na lile la zamani tukaliambia lichukue homa yake, liende kukaa kwenye hilo jiwe lako. Kesho yake alinyonya. Mwanahalima alilia mpaka nikamfukuza uani.

Sasa unaniandikia kwamba jiwe umelivua jina! Homa ikakae wapi? Itarudi kuitafuta nyumba inayoijua, na nyumba yenyewe ni hii. Tangu barua yako isomwe humu, mwili wa mtoto umeanza tena kuchemka. Nimempakata huku naandika. Usinikumbushe nililokuamuru mwanzo. Mwanzo ulikuwa mwanzo.

Rudi kwa huyo bwana kabla ya Julai yao. Ukimkuta amelala, mwamshe. Akikupiga, pigwa. Lile jina alirudishe kwenye jiwe, lipigwe chapa, lisitoke. Wewe usiliandike tena kuja huku. Jipya silitii karatasini, utaambiwa mlangoni ukirudi. Mpaka hapo, ukitaka kumuulizia mwanao, andika "mtoto", basi.

Bibi yako