Kaka Yako Sasa Namgeuza Mimi

Mama Tekla mke wangu,

Ni mimi. Usishangae kuniona na kalamu. Tekla alitaka kuniandikia nikamkatalia. Mtu ambaye kabichi zake zinajulikana mlima mzima hashindwi na karatasi. Herufi zinapanda na kushuka kama njia ya huku kwetu, lakini njia hiyo unaijua.

Huku hatujambo. Njegere mwaka huu zilizaa mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuzitazama. Mbuzi wako mweupe amezaa pacha. Tekla bado anauza chakula pale stendi ya Msamvu, na kila akipanda huku ananiambia baba shuka tukae mjini. Namwambia huko mjini nitapumua nini.

Sifa yangu imeenea, nakwambia. Nesi Rehema wa zahanati akipata watu wenye mgonjwa wa kiharusi anawaambia nendeni kwanza kwa mzee yule aliyemuuguza mkewe. Muda wote ule umelala kitandani, na mpaka unaondoka mgongo wako haukuwa na kidonda hata kimoja. Nani mwingine huku juu anaweza kusema hivyo? Hakuna. Ubavu huu, ubavu ule, mto chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro. Gauni linaanzia mkono mgonjwa kuvaa, na kuvua mkono huo huo ni wa mwisho. Nilikuwa navisha vizuri kuliko ulivyokuwa unajivisha mwenyewe.

Halafu lile la sahani. Nacheka hata sasa. Ugali ulikuwa unakula nusu ya kulia, ya kushoto unaiacha nzima na mboga yake. Mimi nikajua ni mapenzi, mwanamke hata akiugua anamwachia mumewe. Nikawa nakula fungu langu kwa raha, na kilabuni nikawatambia wanaume wenzangu mpaka wakaona wivu. Siku moja Rehema akanikuta natafuna. Akaniambia, "Babu, bibi hiyo nusu haioni. Kiharusi kimemfichia upande wa kushoto. Zungusha sahani." Nikazungusha. Ukala yote, ukanitazama kama unauliza siku zote mlikuwa mnanipunja kwa nini. Siku hiyo nililala na njaa, lakini nilikuwa na furaha.

Sasa habari kubwa. Ni kaka yako Damasi. Siku ya kumaliza matanga yako alisimama mbele ya ukoo wenu akasema shamba ni la ukoo, dada hayupo tena, shemeji avune njegere zake halafu arudi kwao. Na ni kweli, mimi nilikuja kuoa kwenu, na sisi Waluguru ardhi inakwenda upande wa mama. Sikubishana, mimi ninayebishana hata na mvua. Lakini kaburi lako lipo hapa, nikifungua mlango wa jiko naliona. Kuondoka ni kukuacha peke yako. Hilo moyo ulilikataa.

Njegere hazijakomaa, kiharusi kikamwangusha Damasi, upande wote wa kulia. Nilikwenda kumjulia hali tu. Nikakuta wanamlisha ugali amelala chali, anapaliwa mpaka machozi yanamtoka, na wanawe wanamnyanyua kwa kuuvuta mkono uliolegea. Nikawaambia wote kaeni pembeni. Nikamkalisha wima, kidevu chini, uji mzito, kijiko kidogo kidogo, nasubiri ameze. Akala. Kesho yake nikarudi. Mkewe mgongo haumruhusu kumgeuza, wanawe wanashinda shambani, basi nikamhamishia kwangu, kwenye kitanda chako. Usinune.

Mgonjwa mbaya huyo. Wewe ulikuwa malkia. Maneno yanamtoka taratibu na mdomo umekwenda upande, lakini matusi yote yanafika. Uji wangu anasema ni wa kuzibia nyufa. Nikimvisha shati analalamika namnyonga, namwambia shemeji, ningetaka ufe ningekuacha kwa wanao. Tunacheka mpaka mate yanamtoka, namfuta.

Wiki iliyopita ukoo ulikuja, njegere zimeshavunwa. Wakakaa uani, Damasi tumemkalisha kwenye kiti, mto chini ya mkono. Mzee wa ukoo akamkumbusha neno lake la siku ya matanga. Damasi akanigeuzia macho. Kisha akasema, neno moja moja, "Akiondoka huyu, nani atanigeuza?"

Mama yako mdogo ndiye aliyeanza kucheka, wakafuata wote. Mzee akauliza, kwa hiyo akae mpaka utakapopona? Damasi akatikisa kichwa.

"Mpaka afe," akasema. "Mumzike hapo kwa dada. Huyu wetu."

Mimi nikaingia ndani kutafuta kitu ambacho mpaka leo sikijui.

Basi pumzika, mke wangu. Nimebaki. Nafasi ya ubavuni kwako wameshanipa, ila usiniharakishe, nina mgonjwa. Ameanza kusimama akishika meza. Nakuahidi nitamleta hapo kaburini kwa miguu yake mwenyewe, akuombe radhi kwa maneno ya siku ile. Akigoma tutasimama naye hapo juani mpaka aseme. Unanijua.

Mumeo,
Baba Tekla