Tumbo la Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo skrubu imenidondoka tena na tena. Ya mwisho nimeiacha sakafuni, nikajifanya sijaiona. Skrubu za miwani ni ndogo kama punje ya sukari, lakini zamani nilizifunga huku napiga soga. Sasa vidole vya mkono wa kulia vimevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Asubuhi havikunjiki kabisa.

Bosi ameona. Baadaye akaja na sauti ya upole — sauti hiyo naiogopa kuliko ya ukali. Ati nihamie kaunta kidogo, nipokee wateja. Ati nina tabasamu zuri. Niko kwenye meza ya ufundi tangu nimalize shule, leo ndiyo ameliona tabasamu!

Nimemwomba anivumilie mpaka mwisho wa Aprili. Amekubali, lakini alikuwa anaangalia sakafu. Labda aliiona ile skrubu.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Daktari wa viungo amenibadilishia dawa tena. Nikamuuliza, hivi mpaka lini? Akavua miwani yake (fremu imepinda kushoto, nilitamani kuinyoosha) akanieleza jambo jipya. Naliandika nisilisahau.

Kwamba kinga ya mwili wangu inashambulia viungo vyangu mwenyewe, hilo nalijua. Jipya ni kwamba wapo wataalamu wanaoshuku ugomvi unaanzia tumboni. Utumbo umejaa bakteria, wengi wao wema, na kinga hujifunza kwao — nani mwenyeji, nani adui. Wa aina fulani wakizidi, au wema wakipungua, kinga inaweza kufundishwa vibaya. Makosa ya tumboni, vidole ndivyo vinavyoadhibiwa. "Inaweza," alirudia. Hakuna mwenye uhakika. Ndiyo maana wanafanya utafiti: wanachukua bakteria wa mtu mwenye afya njema, wanampandikizia mgonjwa.

Nikauliza wanawatoa wapi hao bakteria. Akakohoa.

Kwenye choo kikubwa.

Nilidhani ananitania. Hatanii. Kinachujwa, kinapimwa, kinaingizwa tumboni kwa mrija wa mpira. Ndugu wa karibu anaweza kuchangia akionekana hana ugonjwa. Lakini mwisho wa kupokea watu ni katikati ya Aprili, na mgonjwa asiye na mchangiaji anabaki nje.

Ndugu ninaye mmoja tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Chiriku. Ndivyo tunavyomwita mdogo wangu tangu utotoni, maana mdomo wake haupumziki. Na kazi aliyoipata ni ukalimani wa lugha ya alama kwenye shule ya viziwi — mdomo ukichoka, mikono inapokea zamu. Alicheka mpaka akakaa chini jikoni.

"Dada! Miaka yote unaniita takataka, leo unataka mpaka mavi yangu?"

Mama akauliza kutoka mezani ni nani huyo anataja mavi watu wakiwa wanakula.

"Ni Dada, Mama! Kaniomba zawadi!"

Ikabidi tumweleze Mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema alizaa watoto wawili wenye akili, hajui akili zenyewe zimehamia wapi. Kisha akauliza: kwani yake hayafai? Ya siku nyingi hayo, yana uzoefu. Nikamwambia wanataka vijana. Amenuna.

Chiriku amekubali. "Ila ukianza kuropoka usinilaumu. Utakuwa umeambukizwa."

Sijacheka hivi tangu mkono uanze.

Jumamosi, 15 Machi

Amepimwa — damu, choo, na maswali mengi. Nesi alimuuliza kama katumia antibiotiki karibuni, maana zinaua bakteria wema pamoja na wabaya. Kasema hapana. Amerudi na kikopo kitupu kumwonyesha Mama. Mama amemtoa jikoni kwa mwiko.

Majibu wiki ijayo, au inayofuata.

Vidole vibaya leo. Nimeshindwa kufungua kopo la dawa ya maumivu. Aliyebuni kifuniko kile, hakuwahi kukutana na mgonjwa?

Jumatano, 26 Machi

Wamemkataa.

Aliingia jioni, hakuvua hata viatu. Akasimama hapo mlangoni. "Dada, samahani. Nilimeza antibiotiki mwezi wa kwanza, jino lilinisumbua. Nilisahau kuwaambia. Wamenikataa."

Alisahau!

Nimesema maneno. Nimemwambia hajawahi kutumwa kitu kikafika. Nimemwambia ni hiyo mikono yake mizima inayompa jeuri ya kusahau. Siku zote nikimtupia neno moja ananirudishia matatu. Leo alisimama tu, kashika mkoba kifuani. Mama akaniambia inatosha. Nikamwambia hata yeye asiniingilie.

Hakuna aliyekula.

Jumapili, 30 Machi

Hatusemeshani. Nyumba kimya kama ofisi siku ya mapumziko. Anaamka kabla yetu, anatoka kabla yetu, anarudi na kujifungia. Vizuri. Na mimi sina la kumwambia.

Mama anapika chakula kingi, halafu anakiangalia.

Jumatatu, 7 Aprili

Kliniki. Nilikwenda kuomba wanitafutie mchangiaji mwingine. Daktari akasema atajaribu, hakuahidi. Nikaanza kumlalamikia mdogo wangu na antibiotiki zake.

Akaacha kuandika. "Antibiotiki?"

Uso wake ukawa kama wa mtu aliyefungua mlango usio wake. Akasema habari za mchangiaji ni za mchangiaji mwenyewe, hawezi kuzizungumza na mimi hata kama tumezaliwa tumbo moja. Nikasema naelewa. Nimeshika kitasa, akaniita.

"Mwambie mdogo wako arudi kutuona. Asiogope. Lakini asichelewe."

Asichelewe nini? Vidonge vya mwezi wa kwanza vina haraka gani?

Nilikaa kwenye benchi la nje, nikashindwa kuondoka. Jino gani? Tunaishi nyumba moja. Chiriku akiumwa ukucha, mtaa mzima unapata taarifa. Na kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili, mimi nadhani ni baridi. Na siku moja mwezi uliopita, tulipokuwa bado tunacheka, alitusimulia kwamba mwanafunzi wake mmoja amemwambia kwa ishara: Mwalimu, siku hizi mikono yako ina kigugumizi. Mama alicheka mpaka machozi. Mimi pia.

Mimi!

Naitambua shida ya wateja kwa jinsi wanavyokunja macho wakiingia tu mlangoni. Na huyu nalala naye ukuta kwa ukuta.

Ni mimi niliyempeleka kupimwa. Alikwenda kunisaidia, akarudi na ugonjwa wake mwenyewe. Na nikamwambia mikono yake mizima.

Jumanne, 8 Aprili

Sijamwambia kitu. Kila sentensi ninayoiandaa inaanza na mimi.

Mchana kliniki wamepiga simu. Mchangiaji amepatikana, mtu nisiyemjua. Nifike keshokutwa asubuhi kusaini na kuanza vipimo. Nimesema asante. Bosi akaniuliza kama ni habari njema. Nikasema ndiyo. Akasema mbona sura haisemi hivyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika kalamu ikiwa ngumini, vidole bado havijafunguka.

Chiriku amegonga mlango wangu. Hajaugonga tangu ule ugomvi. Kavaa sketi ya kazini, na blauzi iko wazi, kashika pande zote mbili.

"Dada, nifungie."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa inakuja na kuondoka, nikadhani ni uchovu. Sasa haiondoki."

Nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Aliangalia dirisha.

"Ningesemaje? Uliniagiza dawa, nikuletee mgonjwa mwingine? Na Mama je? Bora ukasirike."

Nikasema nisamehe. Akasema ahaa, kumbe na wewe unalijua hilo neno. Lakini hakucheka, na mimi sikucheka.

Nimemwambia leo naenda kliniki. Twende wote. Nimemwambia daktari kasema asichelewe, dawa zikianza mapema zinasaidia zaidi — mimi nilichelewa, aniangalie. Akasema ana darasa saa mbili, wanafunzi wana mtihani, hawana mwingine wa kuwatafsiria. Nikasema basi baada ya darasa. Akasema: "Kwanza blauzi."

Vifungo vyenyewe vidogo, vya kung'aa, vinateleza. Cha juu nimekiweza kwa kutumia meno. Cha pili kimenitoka mara kadhaa mpaka uzi umelegea. Alijaribu yeye, akaacha. Sasa kakaa kitandani kwangu, mikono kaikalia ipate joto. Anasema tusubiri, vidole vitakavyolegea kwanza, vyangu au vyake, ndivyo vitafunga.

Mama anaita kutoka jikoni: nyie wawili mnafanya nini humo, mbona kimya? Anakuja.