Sauti Isiyo Yangu

Jumanne, 8 Julai

Maji ya uvuguvugu na chumvi. Kusukutua koo. Kisha a, e, i, o, u, mlango umefungwa ili majirani wasinicheke. Sauti za juu sizifikii tena. Nimeacha kulazimisha. Upepo wa Julai umeingiza vumbi mpaka kwenye birika.

Saa nne amekuja Neema, yule binti anayefundisha muziki chuoni. Ameniamkia, amekaa, hata chai hakuingoja. Wanaandaa shughuli ya kuikumbuka *Mvi*, albamu yetu. Jumamosi tarehe 19, saa kumi jioni. Anataka niimbe nyimbo nne, ya mwisho iwe "Chai Imepoa". Anasema wanafunzi wake wanaijua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Nimekubali. Alipoondoka nilikaa uani mpaka adhuhuri. Maharage yakaungua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeitoa *Mvi* kabatini. Jalada limepauka. Picha ni yangu, kitambaa kichwani, miaka ishirini na miwili. Nyimbo nane, zote za uzee. Zakaria, kiongozi wa bendi yetu, alizitunga baada ya kumuuguza baba yake. Kinanda, gita la besi, ngoma za kupigwa kwa brashi, saksafoni moja, na sauti mbele ya vyote. Hatukuwa na mtu aliyefika miaka thelathini. Watoto tunaimba magoti yanavyouma.

Niandike sasa, maana sijawahi kuandika wala kusema.

"Chai Imepoa" sikuiimba mimi. Aliiimba Zaina.

Tulikuwa waimbaji wawili. Mimi nyimbo saba, yeye moja. Aliiimba mara moja tu, siku ya mwisho studio, na fundi mitambo akavua vidude vya masikioni akatoka nje kwa muda. Mwezi haukwisha, kaka zake wakaja kumchukua. Alikuwa amechumbiwa kwao, Kondoa. Ukweni hawakutaka jina lake lionekane kwenye muziki. Jalada lilikuwa halijachapwa. Zakaria akaniita pembeni. "Sauti zenu zinafanana. Tuandike jina lako tu, tusipate matatizo." Nikasema sawa.

Sikulazimishwa. Nilifurahi. Hilo ndilo nililokuwa nalikwepa miaka arobaini na minne.

Ijumaa, 11 Julai

Sikulala vizuri. Nimekwenda Majengo kununua mchele na vitunguu. Muuza nafaka mmoja, mzee wa makamo, kanitambua. "Mama wa Chai Imepoa." Kaniongezea kikombe kizima cha mchele. Nimepokea. Nimemshukuru.

Namfikiria Yohana, mume wangu. Alinitafuta kwa sababu ya wimbo ule. Aliusikia redioni akiwa mwalimu mpya Hombolo, akaja mjini na barua mfukoni. Tulikaa miaka thelathini na moja. Siku alipokuwa akifa aliniomba nimwimbie, nikamwimbia. Hakuwahi kujua. Mara nyingi nilitaka kumwambia, nikaona nitamnyang'anya kitu. Uongo. Niliogopa kunyang'anywa mimi.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Sikuimba, nimesingizia mafua.

Najua Zaina anakoishi. Niliambiwa kwenye msiba wa Zakaria, miaka tisa sasa. Kolo, milimani. Mwendo wa saa tatu tu kwa basi. Miaka tisa sijapata saa tatu.

Kesho nakwenda.

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi na giza. Nimechoka, lakini niandike kabla sijaanza kuyapamba.

Nilimkuta uani anapepeta alizeti. Mwembamba, mrefu kama zamani, mgongo umeanza kupinda. Alinitazama kidogo tu. "Tabitha," akasema. Kama vile tulionana juzi. Akanipa mkeka, akaendelea kupepeta.

Mumewe alifariki mwaka jana. Eda imekwisha. Ana watoto watano, mkubwa ni Ramadhani, anauza nafaka Kondoa mjini na ni mtu wa dini sana. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba mama yao aliwahi kuimba.

Nilimwambia kilichonileta. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi, yakanitoroka. Nikasema tu, "Da Zaina, nilichukua wimbo wako."

"Najua. Nilikuwa na redio."

Kisha akanieleza. Mumewe aliupenda wimbo ule. Ukipigwa alikuwa anaongeza sauti, anawaambia watoto wanyamaze, anasema huyu mwanamke ana kipaji. Yeye yuko jikoni, mikono imejaa unga. Miaka ile ya mwanzo alikuwa anauma ulimi asiseme. Baadaye akazoea. Akasema jambo moja ambalo sitalisahau: "Sauti yangu imezeeka bila mtu kuisikia."

Nililia. Yeye hakulia. Nikamwomba msamaha.

"Unataka nikusamehe ili ukalale," akasema. "Mimi sikulala miaka mingi, Tabitha. Kaseme kwanza. Huko huko watu wanakokupigia makofi. Hayo ya kusamehe tutayazungumza baadaye."

Halafu akasita. Akasema nisubiri. Ni lazima awaambie wanawe kwanza, wasije wakasikia kwa watu. Kama wakikataa jina lake litajwe, nisilitaje. Ataniambia kwa simu.

Tumekula ugali wa uwele na mlenda. Alinisindikiza mpaka barabarani. Hatukukumbatiana.

Jumanne, 15 Julai

Simu iko mezani. Kimya.

Neema kanitumia tangazo. Picha ya jalada, jina langu kwa herufi kubwa, chini yake "Sauti ya Chai Imepoa". Limeshasambaa kila mahali.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwambia Upendo, binti yangu. Alitoka kazini akapitia hapa Makole kama kawaida, na nguo ya kuvaa Jumamosi kwenye mfuko. Kitenge cha buluu, ameshona mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Baba alijua?"

"Hapana."

Akaichukua pochi yake. Akasema, "Kwa hiyo mlioana kwa sauti ya mtu mwingine." Akaondoka. Nguo kaiacha kwenye kiti.

Nimempigia mara mbili. Hapokei.

Alhamisi, 17 Julai

Kimya Kolo. Kimya kwa Upendo. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Ningeweza kuimba tu na kurudi nyumbani. Neema angefurahi. Upendo angerudi. Zaina asingeshangaa. Nimeliwaza hili asubuhi nzima, si kidogo. Nina miaka sitini na sita, ni nani angenidai?

Sijisifu kwamba nimekataa. Naandika tu kwamba niliwaza.

Ijumaa, 18 Julai

Zaina amepiga saa saba, baada ya swala. Nilisikia watu nyuma yake.

Aliwaweka watoto wote pamoja. Binti zake walilia. Ramadhani aliuliza kama baba yake aliufahamu wimbo huo. Akamwambia ndiyo, ni ule ule aliokuwa anaupenda. Ramadhani akatoka nje, akakaa garini. Aliporudi alisema: "Mama, sema jina lako."

Zaina akaniambia, "Taja langu na la baba yangu. Mimi sitakuja. Jukwaa si mahali pangu tena."

Nikamwomba anitajie jina la baba yake polepole. Nimeliandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi ilikuwa mbali.

Sikumpigia Neema. Hilo ni kosa, najua. Niliogopa atanishawishi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimevaa kitenge cha buluu. Upendo hakuja.

Ukumbi ulijaa. Watumishi wa serikali, wanafunzi, wazee wachache wa rika langu na fimbo zao. Vijana wanne jukwaani, wapigaji wazuri, wapole. Niliimba tatu za kwanza. Sauti ilikatika mara mbili kwenye ya pili na sikuificha. Nyimbo zile nilizijua kwa kichwa tangu ujana. Leo nilizielewa. Mstari unaosema naingia chumbani nasahau nilichofuata, zamani niliuimba nikitabasamu. Leo watu wa rika langu waliinamisha vichwa.

Kisha mpiga kinanda akaanza "Chai Imepoa". Nikainua mkono. Akaacha.

Nikasema. Sikurefusha. Kwamba sauti iliyo kwenye santuri si yangu, ni ya Zaina binti Hamisi wa Kolo. Kwamba nilijua, nilinyamaza, na nilipokea sifa zake miaka arobaini na minne. Kwamba yuko hai.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivaa kofia yake na kutoka. Msichana mmoja alikuwa ananirekodi, akaishusha simu taratibu.

Nikaomba waipige santuri yenyewe. Fundi akaipiga. Nikashuka jukwaani, nikakaa kwenye kiti kitupu katikati ya watu, nikamsikiliza Zaina mwenye miaka ishirini na minne. Sikuwa nimewahi kuusikiliza wimbo ule bila kujihami. Ni mzuri kuliko nilivyowahi kuuimba mimi. Anavuta neno la mwisho kama mtu asiyetaka kuamka kitini.

Mwisho kulikuwa na makofi. Hayakuwa yangu.

Neema alinifuata mlangoni, macho mekundu. "Mama, ungeniambia." Nikamwambia ni kweli. Hakunipa mkono. Sikumlaumu.

Jumapili, 20 Julai

Nimelala mpaka saa tatu. Sijui lini mara ya mwisho.

Mchana nimempigia Zaina. Mtu alishamtumia Ramadhani video, wakaitazama wote. Mjukuu mmoja akabisha, akasema hiyo si sauti ya bibi, sauti ya bibi inakwaruza. Zaina akacheka aliponisimulia. Mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukiwa wasichana.

Sikuuliza habari ya msamaha. Naye hakuitaja. Alisema mbaazi zikikauka niende kuchukua za kupanda.

Jumatano, 23 Julai

Muuza nafaka wa Majengo amenipimia mchele sawasawa, bila nyongeza. Hakuniita kwa jina lolote. Nimeumia. Nilidhani sitaumia.

Neema ameandika ujumbe mfupi. Wanataka kwenda Kolo, kama Zaina ataridhia, kuandika habari zake. Ameomba niwatambulishe kwake kwa simu. Nimefanya hivyo.

Ijumaa, 25 Julai

Upepo umetulia leo. Baridi ipo.

Upendo amekuja baada ya kazi. Hakubisha hodi, kaingia kama zamani. Amepika, sikumzuia. Tumekula bila maneno mengi. Ameuliza dawa za presha kama zimebaki, nimemwonyesha.

Kisha akaenda kwenye gramafoni. Nyumbani kwetu *Mvi* ilikuwa inageuzwa moja kwa moja upande wa pili, kwa ajili ya wimbo mmoja. Baba yake alitaka hivyo, nami nilimwacha. Leo aliiweka upande wa kwanza, mwanzo kabisa. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi langu.

Ulipokwisha wimbo wa kwanza aligeuka.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Akainua sindano, akaurudisha mwanzo.